Ukoko Haupandi Juu

Sajini alikuwa amekwisha kulifunga jalada kwa kamba. Hilo lilimkera Bi Taratibu kuliko kesi yenyewe, maana jalada linalofungwa kamba kabla ya chai ya asubuhi huwa limefungwa na mtu mwenye haraka ya chai.

"Mpishi, ufunguo, boksi," Sajini alisema, akihesabu kwa vidole vitatu vinene. "Ana ufunguo wa stoo ya mvinyo. Chupa za bosi wake zimebadilishwa. Alhamisi iliyopita mlinzi alimwona anatoka getini na boksi. Nimemkamata jana jioni, kesho saa tatu anasimama mbele ya hakimu. Hapo pamebaki upelelezi gani?"

"Pamebaki wangu. Fungua hiyo kamba."

Jina la Bi Taratibu alipewa na wenzake kituoni, na hakuwahi kulikataa. Alikuwa inspekta, miaka hamsini na miwili, miwani kifuani kwa uzi, na tangu aajiriwe hakuna aliyemwona akikimbia. Hakuna pia aliyemwona akirudi mikono mitupu, jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua vizuri na lilimpa raha.

Alisoma maelezo ya mlinzi mara mbili. "Hapa anasema, 'Alinipungia mkono akaniambia kazi njema.' Boksi alilishikaje?"

"Kwapani."

"Boksi kwapani, mkono wa pili unapunga. Sajini, chupa moja ya mvinyo iliyojaa haipungui kilo na robo. Kumi na mbili ni kilo kumi na tano. Pale nyuma kuna kreti la soda. Litie kwapani, halafu unipungie mimi hapa."

Sajini alilitazama kreti, akamtazama mkubwa wake, akaanza kufungua kamba.

Kesi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Mlalamikaji alikuwa daktari mpasuaji mstaafu, mjane, mwenye binti mmoja. Mwaka binti alipozaliwa, alilaza chupa kumi na mbili za mvinyo mwekundu mzito katika stoo iliyochimbwa chini ya nyumba yake, akaapa hazitafunguliwa hadi siku ya harusi ya mtoto huyo. Miaka ishirini na mitano ikapita. Harusi ilikuwa Jumamosi inayokuja. Jumatatu Daktari alifungua chupa moja ili aonje, akakuta siki. Aliionja tena, akasema huo si mvinyo wake, kuna mtu amemwibia na kumwekea takataka. Ufunguo wa pili wa stoo alikuwa nao mpishi. Daktari akapiga simu polisi.

Mpishi aliletwa bila viatu, kama mahabusu wote. Alikuwa mama wa miaka sitini, mfupi, mgongo umenyooka. Nyumbani kwa Daktari kila mtu alimwita Shangazi, kwa sababu ndivyo binti alivyomwita tangu ana miaka mitatu.

"Kaa, Mama," Bi Taratibu alisema. "Umekunywa chochote?"

"Chai yenu haina sukari."

"Tumezoea. Boksi la Alhamisi lilikuwa na nini?"

"Vikopo vitupu vya jemu. Jirani wa nyumba ya tatu anatengeneza achari, huwa namwekea. Nendeni mkamuulize, ana vikopo vyangu hadi chini ya kitanda." Alimtazama Sajini bila hasira. "Miaka ishirini na miwili niko jikoni kwa watu. Ningekuwa mwizi ningeanza na sukari, mwanangu, nisingengoja mvinyo nisiokunywa."

Bi Taratibu aliuma mdomo asicheke. "Huko stoo unaingia kufanya nini?"

"Kusoma kipimajoto. Asubuhi na jioni, naandika kwenye daftari lililotundikwa mlangoni. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Nimeiandika mpaka naiota."

"Haijawahi kubadilika?"

"Mashine ilikufa mwaka mmoja, tukabeba barafu siku nne. Na Jumamosi iliyopita. Jioni nilikuta kumi na sita. Nikashtuka, nikaandika hivyo hivyo, nikamwambia Daktari. Akasema mashine inazeeka kama yeye."

"Stoo inapandaje digrii tatu?"

"Mlango ukiachwa wazi. Si dakika moja. Nusu saa, saa nzima."

"Na wewe Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi cherehani, na binti, tunapima gauni. Tulitoka saa nane, tukarudi saa kumi na mbili kasoro. Fundi ni muongo wa tarehe, lakini siku hiyo atasema kweli, maana nilimfokea."

"Nyumbani walibaki nani?"

"Daktari na mdogo wake, Mhandisi. Wana drafti yao kila Jumamosi."

Bi Taratibu aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Mwizi aliyeacha mlango wazi saa nzima, halafu jioni akaenda mwenyewe kuandika kwenye daftari kwamba mlango uliachwa wazi, alikuwa hajamwona bado katika kazi hii. Mwizi hajiandikii kesi.

"Mama, mimi ni mtu wa chai. Nifundishe. Mvinyo unatunzwaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, mama yule alilegeza mabega. "Kama unavyolea mtoto wa mwenzio. Gizani. Baridi isiyopanda isiyoshuka. Usitikiswe, ndiyo maana ile mashine imewekewa mpira chini. Usiweke vitunguu karibu, unanusa kila kitu. Na ulale ubavu, kizibo kilowane. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, umepata siki. Ukishaulaza, usiugeuze. Una ukoko."

"Ukoko?"

"Mvinyo mzito ukilala miaka, ule uchafu wake unashuka, unagandia kwenye kioo upande wa chini. Ukoko kama wa sufuria. Ukigeuza chupa unavunjika, mvinyo wote unachafuka. Kwa hiyo Daktari hulaza chupa lebo ikiwa juu, ili aisome bila kuigusa."

"Ukoko basi unakuwa upande wa pili wa lebo. Mgongoni."

"Utakuwa wapi tena? Ukoko haupandi juu, afande."

Bi Taratibu aliweka kalamu chini. Mama alikuwa akitazama mikono yake, na sauti ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Jela siiogopi sana. Ila Jumamosi yule mtoto anaolewa, na mimi nitakuwa ndani. Mama yake alipofariki alikuwa hajui hata kufunga vifungo. Naogopa atavaa lile gauni akiamini niliwaibia."

"Leo ni Jumatano," Bi Taratibu alisema. "Siku bado ndefu."

*

Daktari alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono misafi kupita kiasi. Aliteremka ngazi za stoo mbele ya Bi Taratibu akizungumza kama mtu anayesoma majibu ya maabara. "Joto digrii kumi na tatu. Unyevu wa kutosha. Hakuna dirisha. Hakuna mwenye ufunguo ila mimi na yeye. Sioni shaka iko wapi, Inspekta."

"Nami sijaiona. Ndiyo nimekuja kuitafuta."

Stoo ilikuwa chumba kidogo cha mawe chenye rafu za mbao pande tatu. Mashine ya baridi ilinguruma taratibu juu ya kipande cha mpira. Daftari lilining'inia mlangoni, na humo, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, Jumamosi jioni ilikuwa 16. Katika rafu ya katikati, peke yake, zililala chupa kumi na moja, lebo juu. Ya kumi na mbili, ile iliyofunguliwa, ilikuwa sakafuni na kizibo chake kando.

"Nani amezigusa tangu Jumatatu?"

"Hakuna. Niliziacha kama ushahidi."

"Hapo umefanya vizuri." Alitoa tochi, akapiga magoti kwa utulivu wake, akaangaza chupa ya kwanza kutoka chini. Kioo kilikuwa cheusi kama kahawa, lakini mwanga ulipenya. Upande wa chini ulikuwa safi kabisa. Akapandisha tochi. Juu, chini kidogo ya karatasi ya lebo, kulikuwa na utando mweusi mnene, umeshikamana na kioo kama kitu kilichopakwa.

"Daktari, ukoko hukaa upande gani?"

"Unaitwa mashapo. Hukaa chini, bila shaka."

"Njoo uone wa hii."

Aliinama. Daktari alikaa ameinama muda mrefu kuliko alivyokusudia. Bi Taratibu alihamia chupa ya pili, ya tatu, ya nne. Zote vile vile, ukoko chini ya lebo. Alifika ya kumi, ikawa hivyo. Ya kumi na moja, pembeni kabisa, ilikuwa na ukoko wake mgongoni, mahali pake.

"Kumi zimekosea, moja imepatia," alisema. "Na uliyofungua Jumatatu ilikuwa siki, tuihesabu na zilizokosea. Kumi na moja. Hizi chupa zimelala miaka mingi kwa mtu mwingine, na huyo mtu hulaza lebo chini. Alipozileta hapa akaziweka lebo juu, ili zifanane na zako. Ukoko hakuujali. Sasa niambie juu ya hizi shingo."

Daktari alikuwa amepauka, lakini mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Alibonyeza kifuniko cha bati cha chupa moja kwa kidole gumba. "Kizibo kimesukumwa nje kidogo. Kuna mvinyo uliovuja na kukauka hapa, unanata. Na kiwango kimeshuka shingoni. Ni joto. Mvinyo ukipata moto hutanuka, husukuma kizibo, ukipoa huvuta hewa. Hizi zimepikwa."

"Kwa siku moja?"

"Kwa miaka."

"Na huyo Shangazi wenu, chupa kumi na moja alizipika wapi kwa miaka, wewe usinuse?"

Daktari alifuta kidole gumba kwa leso. Bi Taratibu alikuwa na huruma, lakini hakuwa nayo saa za kazi. "Lebo ni ile ile?"

"Ile ile. Shamba lile lile, mwaka ule ule."

"Mvinyo huu unauzwa dukani?"

"Hauuzwi tangu zamani. Ulikuja mwaka mmoja tu. Makreti mawili. Moja nilichukua mimi."

"Na la pili?"

"Inspekta, ninaona unakoelekea, na nakuomba uniheshimu. La pili lilichukuliwa na mdogo wangu. Kwa robo karne tumekuwa na utani nani kati yetu anajua kutunza. Siku ya harusi tulikuwa tufungue chupa yangu na yake mbele ya wageni, ili mjadala uishe. Lakini ni utani. Mdogo wangu ni damu yangu. Hawezi kuniibia."

"Mimi sijamtaja mtu. Jumamosi, baada ya drafti, ulifanya nini?"

"Nilimfunga mara mbili. Kisha nikasinzia kitini. Niliamka saa kumi na moja hivi."

"Ufunguo wako?"

"Kwenye koti." Kwa shida akaongeza, "Koti lilikuwa kwenye kiti cha pili."

"Alikuja na mzigo?"

"Masanduku mawili ya vitambaa vya meza, ya harusi. Vitambaa aliviacha. Masanduku aliondoka nayo."

Bi Taratibu alizima tochi. "Daktari, enzi zako ulikuwa ukimpasua mgonjwa kabla ya kumpima?"

"Kamwe."

"Jumatatu ulipasua," alisema, akapanda ngazi.

*

Njiani kwenda kwa Mhandisi, Sajini alipunguza mwendo kwenye mataa ya pili. "Achari ni kweli," alisema. "Nimepita kwa yule jirani. Vikopo viko hadi chini ya kitanda."

"Na fundi?"

"Anasema kafokewa."

"Basi leo umefanya kazi, Sajini. Sasa tukifika usiseme neno. Huyu tutamwacha ajisifu."

Mhandisi alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kinachotangulia mlango. Alipoambiwa wamekuja kujifunza utunzaji wa mvinyo ili waelewe kesi ya kaka yake, uso ulimng'aa. Alisikitika sana juu ya Shangazi, alisema. Mtu huwezi kumjua. Kisha akawaongoza hadi kabati refu lililo chini ya ngazi ya ndani, karibu na jiko.

"Kaka yangu alichimba shimo kama panya," alisema. "Mimi nilitumia akili. Hapa ni giza, hakuna mtikisiko, milango miwili. Nilijenga mwenyewe, mwaka ule binti alipozaliwa."

Kabati lilikuwa tupu, limefagiliwa. Bi Taratibu aliingiza kichwa, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma, akakiacha hapo. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu wa pasi iliyozimwa karibuni.

"Nyuma ya huu ukuta kuna nini?"

"Bafu. Tangi la maji ya moto. Nililifunga miaka minane iliyopita, la kisasa kabisa."

"Na mvinyo sasa uko wapi?"

"Nimeuhamishia kwenye friji maalumu la mvinyo. Teknolojia, Inspekta." Lilikuwa sebuleni, refu kama mtu, mlango wa kioo, mpini bado umefungwa nailoni ya kiwandani. Ndani, kwenye waya za rafu, chupa zililala kwa safu nadhifu. Hakuna lebo hata moja iliyoonekana.

"Mbona zimelala kifudifudi?"

Hapo ndipo alipopata raha kamili. "Watu wote wanakosea hapa. Lebo ikitazama juu inapigwa vumbi, inapauka kwa mwanga kila ukifungua mlango, maji ya ukungu yanaidondokea. Lebo chini, haiguswi. Hivi ndivyo nilivyoanza na hivi ndivyo nitakavyokufa. Kaka yangu anazilaza lebo juu kama wagonjwa wake, zinatazama dari."

"Hujawahi kulaza lebo juu?"

"Hata siku moja."

"Hizi ndizo za harusi? Ni ngapi?"

"Kumi na mbili. Sijagusa hata moja kwa miaka ishirini na mitano. Kaka anajua."

Bi Taratibu alivaa miwani, akahesabu kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo. Alihesabu mara moja tu, kwa sauti. Ilikuwa kumi na moja.

"Moja labda iko jikoni," Mhandisi alisema.

"Labda. Naomba nifungue mlango." Alipiga magoti, akaangaza tochi kutoka chini, penye lebo. Kando ya karatasi kioo kilikuwa kitupu. Akapandisha mwanga. Mgongo wa chupa, ulioelekea juu, ulikuwa na utando mweusi, mahali pengine umeanza kumomonyoka na vipande vinaelea ndani ya mvinyo. Chupa ya pili hivyo hivyo. Hakuhitaji ya tatu, lakini aliitazama, na ya nne, na zote, maana taratibu ni taratibu.

"Mhandisi, hebu nisaidie hesabu. Kwa kaka yako kuna chupa kumi, na moja iliyofunguliwa, ambazo ukoko wake unasema zililala miaka yote lebo chini. Zimepikwa. Kwako kuna kumi na moja ambazo ukoko wake unasema zililala miaka yote lebo juu, mahali pa baridi. Wewe hujawahi kulaza lebo juu hata siku moja. Umeniambia mwenyewe, na Sajini ameandika."

Sajini aliinua daftari kidogo, kwa adabu.

"Mtu mwenye chupa za kutosha angebadilisha zote kumi na mbili. Huyu alikuwa na kumi na moja tu, kwa sababu moja alikwisha kuionja. Ulifungua lini?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Bila hicho, Mhandisi alionekana mdogo, kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Mwezi uliopita," alisema. "Nilitaka kujua. Nikakuta siki. Sikuelewa, mpaka siku moja nikaegemea ule ukuta. Tangi nililifunga mwenyewe. Mimi, mhandisi." Alifuta uso kwa kiganja. "Wewe hujui kuwa mdogo wa mtu yule. Shule alikuwa wa kwanza. Drafti ananifunga huku anasinzia. Hili la mvinyo ndilo peke yake ambalo kila mtu alikuwa bado hajui nani mshindi. Nilitaka siku moja tu, mbele ya watu, aonje cha kwangu akubali."

"Angekuwa anaonja cha kwake."

"Angekubali lakini."

Bi Taratibu aliona kwamba mtu huyu anasema kweli, na kweli yake ilimchosha. "Ukaona atadhani amekosea kutunza."

"Ndiyo. Kwamba atalaumu mashine. Sikujua atamkamatisha Shangazi. Wallahi sikujua."

"Ulijua lini?"

"Jana jioni. Alinipigia simu."

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

"Sasa ni saa tisa mchana. Saa ishirini zimepita, yule mama yuko sakafuni bila viatu. Ulikuwa unafanya nini?"

Sajini, ambaye alikuwa ameambiwa asiseme neno, alifunga daftari na kusema, "Chukua koti lako, mzee. Kituoni kuna baridi."

*

Daktari alifika kituoni saa kumi na moja, na binti yake nyuma. Binti alikuwa amelia garini, ilionekana. Mhandisi alikuwa kwenye benchi la ukutani, ameinamisha kichwa, maelezo yake yamekwisha kusainiwa. Chupa kumi na moja zilikuwa mezani ndani ya kreti la ushahidi, zimelazwa jinsi zilivyokutwa, kwa sababu Bi Taratibu aliamuru hivyo.

Daktari alimtazama mdogo wake, akazitazama chupa, akavuta kiti karibu na meza na kushusha sauti. "Inspekta, umefanya kazi nzuri, nami nakushukuru. Sasa hili liishie hapa. Huyu ni ndugu yangu. Ana heshima zake mjini, na Jumamosi tuna harusi. Haya ni mambo ya nyumbani. Tutayamaliza nyumbani."

Mlango wa korido ulikuwa wazi, na Shangazi alikuwa amesimama hapo, askari wa zamu akimrudishia viatu na kifurushi chake. Alikuwa amesikia. Aliinama, akafunga kamba ya kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, bila haraka.

"Daktari," alisema alipoinuka, "na mimi Jumanne, niliposhikwa, nilikuwa wa wapi?"

Mashine ya kuchapa ya chumba cha pili ilisimama.

"Shangazi," Daktari alianza, "nilikasirika. Nimekosea. Twende nyumbani, tutazungumza."

"Siwezi, baba. Nina miguu, nitakwenda kwangu." Alisaini kitabu mahali alipooneshwa, akamrudishia askari kalamu, akamwambia asante. Mbele ya Bi Taratibu alisimama kidogo. "Ile chai itieni sukari," alisema, na akatoka kwa mlango wa mbele.

Binti alikuwa bado amesimama kati ya baba yake na baba yake mdogo. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kana kwamba kuna kitu anamsubiri mmoja wao aseme. Halafu aliweka mkoba begani na kumfuata mama yule. Kupitia dirishani waliwaona wakivuka barabara, binti akiomba kubeba kile kifurushi kidogo, Shangazi akikataa, kisha akikubali. Gari la Daktari lilikuwa limeegeshwa pale pale, na wote wawili walilipita.

"Hajaniaga," Daktari alisema.

Bi Taratibu alivua miwani. Alisikitika kweli, na kwa mara hii aliiacha huzuni yake ionekane.

Daktari aliendelea kutazama dirisha ingawa barabara ilikuwa tupu. Mikono yake misafi ilikuwa juu ya meza, haina la kufanya. "Nifanye nini sasa?" aliuliza, na hakuwa anamuuliza polisi.

Bi Taratibu alisogeza kando kreti la chupa, akamwekea mbele karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika maelezo yako," alisema. "Kwa mkono wako. Anza na pale ulipomwita Shangazi mwizi, na usiruke hata neno. Ukimaliza utampelekea mwenyewe, kwa miguu."